Kutoka Nyamisati Hadi Kilindoni: Mwongozo Kamili wa Safari ya Boti Kupitia Delta ya Rufiji

Msafiri anayefika Nyamisati kwa mara ya kwanza huuliza boti inaondoka saa ngapi, na jibu analopewa mara nyingi humshangaza: itaondoka maji yakijaa. Hilo si jibu la kumkwepa mtu. Kwa anayejua kuhesabu maji ni ratiba iliyokamilika, na mwongozo huu umeandikwa ili msomaji aweze kuihesabu mwenyewe akiwa nyumbani, kabla hajanunua tiketi ya basi.

Nyamisati ni kijiji cha Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, kilicho upande wa kaskazini wa delta ya Mto Rufiji. Kutoka gatini hapo chombo hushuka kwenye mkono wa maji uliozungukwa na mikoko, hutokea mlangoni, kisha huvuka mlango wa bahari mpaka Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia. Safari huchukua kati ya saa mbili na saa tano kwa kutegemea chombo, upepo na maji. Wako wanaoichukulia kuwa adha ya kuvumilia mpaka kisiwani. Mimi naiona kuwa sehemu bora ya safari nzima, mradi imepangwa vizuri, na ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye maandalizi na kwenye delta yenyewe kuliko kwenye hoteli za Mafia.

Hatua ya kwanza: hesabu maji kabla ya kuchagua siku

Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na hupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo saa 24. Kutoka kujaa kwa kwanza hadi kujaa kwa pili ni karibu saa 12 na dakika 25, na kwa hiyo maji ya kesho hujaa karibu dakika 50 baada ya saa yaliyojaa leo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, na mikondo huwa na nguvu. Katikati ya vipindi hivyo viwili huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kanuni ambayo wavuvi wa Dar es Salaam, Unguja na Mafia huitumia bila kuandika popote ni hii: siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Juma moja baadaye mambo hugeuka, yaani maji hujaa saa nne na hupwa saa kumi. Mtu akishika jambo hilo moja, anaweza kukadiria maji ya siku yoyote. Tuseme leo ni mwezi kumi na nane kwa hesabu ya Kiislamu, yaani siku ya nne tangu mwezi kuwa mpevu. Siku 4 mara dakika 50 ni dakika 200, ambazo ni saa tatu na dakika 20. Ukizijumlisha na saa kumi alfajiri unapata saa moja na dakika 20 asubuhi, na hiyo ndiyo saa ya kujaa kwa maji pwani. Ndani ya delta ongeza muda kidogo, kwa kuwa maji huanza kujaa mlangoni, kisha huupanda mto polepole.

Kwa hesabu hiyo, siku ninazozipendekeza kwa msafiri mgeni ni mwezi tatu hadi mwezi tano (tarehe za Kiislamu, si Machi hadi Mei), na tena mwezi kumi na nane hadi mwezi ishirini. Siku hizo maji hujaa asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, mwanga ukiwa mzuri. Chombo kikiondoka maji yanapogeuka, mkondo wa kupwa hukisukuma kuelekea mlangoni badala ya kukizuia, na mnavuka mlango wa bahari kabla ya upepo wa mchana kushika kasi. Aidha, bamvua imekwisha kulegea, hivyo mikondo haina ukali. Kinyume chake, siku yenyewe ya mwezi mpevu maji hupwa kabisa saa nne asubuhi, na mtu aliyepanga kuondoka baada ya kunywa chai atakuta gati limesimama juu ya tope.

Hesabu hii ni ya kupangia safari, si ya kuendeshea chombo. Dakika 50 ni wastani; karibu na bamvua pengo huwa dogo zaidi, na karibu na maji mafu huwa kubwa zaidi. Siku moja kabla ya kuondoka, linganisha hesabu yako na jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, kisha mpigie simu mtu aliyeko Nyamisati na umuulize. Neno la mwisho ni la nahodha.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimeliona gharama yake. Niliwahi kupanda mashua ya mizigo ambayo ilichelewa kupakia mabati, tukatoka maji yakiwa yamekwisha kuanza kukimbia. Tulipofika kwenye kona moja ya mto tulikaa juu ya fungu la tope, na juhudi zote za mabaharia wenye pondo, yaani miti mirefu ya kusukumia chombo, hazikufua dafu. Tukapwelewa. Tulikaa hapo zaidi ya saa sita, jua la mchana likiwa utosini, mpaka maji yaliporudi yenyewe na kutunyanyua. Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga na chupa moja tu ya maji. Tangu siku ile sipandi chombo ndani ya delta bila maji ya kunywa ya kutosha siku nzima, hata kama nimeambiwa kwamba safari ni ya saa mbili.

Hatua ya pili: chagua msimu

Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kusi hutoka kusini mashariki, na nguvu yake hufikia kilele kati ya Juni na Agosti; miezi hiyo mlango wa bahari baina ya delta na Mafia huchafuka, na vyombo vidogo huahirisha safari mara kwa mara. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta mvua nyingi, barabara mbovu na maji mengi ya mto. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, wiki chache tu baada ya mafuriko makubwa kuwasomba watu wa Rufiji na Kibiti mashambani mwao. Tukio la namna hiyo ni nadra katika pwani yetu, lakini linatosha kumfanya msafiri wa Aprili na Mei asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kila siku, hasa tahadhari za upepo mkali na mawimbi.

Wakati ninaouona bora ni kipindi cha maleleji, kusi ikiwa imelala na kaskazi haijaamka, yaani Oktoba na Novemba, na kisha tena Februari, kaskazi inapoanza kulegea. Bahati nzuri ni kwamba miezi hiyo inaingia ndani ya msimu wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambao huja karibu kabisa na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi.

Hatua ya tatu: fika Nyamisati mapema

Kutoka Dar es Salaam, mabasi ya kwenda Nyamisati huanzia Mbagala Rangi Tatu. Njia hufuata barabara ya Kilwa, ikipita Mkuranga na Kimanzichana hadi Bungu, na hapo gari huacha barabara kuu na kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 40. Kipande hicho ndicho kinachoamua saa ya kufika, kwa maana wakati wa mvua gari linaweza kukwama, na wakati wa kiangazi msongamano wa kutoka Mbagala unaweza kula saa nzima kabla hujaonja upepo wa mashamba.

Ikiwa chombo kinaondoka asubuhi, ushauri wangu ni kulala Nyamisati. Gesti zake ni za kawaida, na umuhimu wake ni kwamba utaamka ukiwa tayari umefika. Jioni tembea mpaka gatini, salimia, uliza ni vyombo gani vinatarajiwa na maji yatajaa saa ngapi. Kwa wazee anza na shikamoo, na nahodha muite kwa cheo chake: “Shikamoo nahodha, maji ya kesho yakoje?” ni swali litakalokupa jibu refu na la uhakika. Kula kwa mama lishe wa gatini: kamba wa delta ni maarufu kwa haki, na wali unaopikwa huko mara nyingi ni wa mpunga uliolimwa kwenye visiwa vya mtoni utakavyovipita kesho yake.

Hatua ya nne: chagua chombo, na usione haya kukikataa

Vyombo ni vya aina tatu. Cha kwanza ni kivuko cha serikali, MV Kilindoni, kinachosimamiwa na TEMESA (Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania), ambacho kiliundwa kwa ajili ya njia hii na kina uwezo wa kubeba abiria 200, magari 6 na mizigo ya tani 100. Ni kizito na cha polepole, lakini ndicho ninachompendekezea mtu mwenye watoto, wazazi wazee au mzigo mkubwa. Ratiba yake nayo hufuata maji, kwa hiyo thibitisha siku na saa kabla ya kutoka nyumbani. Cha pili ni boti za faiba za watu binafsi, ambazo hukimbia na hufika mapema, ila hurushwa sana na mawimbi. Cha tatu ni mashua na majahazi ya mbao yenye injini, yanayobeba saruji, kreti za soda, mabati na wakati mwingine abiria juu ya mizigo hiyo. Nimekwisha kueleza yaliyonipata kwenye mashua ya namna hiyo. Simshauri mgeni apande, hata nauli ikiwa ndogo.

Kabla ya kulipa, angalia mambo yafuatayo kwa macho yako. Je, kuna hati ya usalama inayotolewa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na idadi ya abiria iliyoandikwa humo ni ngapi? Je, jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria, au fedha imepokelewa tu mkononi? Chukua kitambulisho chako, kwa sababu utatakiwa kukionyesha, na ukiona hakuna anayekiuliza hesabu hiyo kuwa dalili mbaya. Je, kila abiria ana jaketi okozi, na mikanda yake inafungika? Livae tangu mwanzo na ulifunge. Jaketi lililowekwa chini ya benchi halimsaidii mtu aliyekwisha kuanguka majini. Je, chombo kina injini ya akiba, nanga yenye kamba ndefu, na ndoo ya kufulia maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje?

Baada ya hapo hesabu vichwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, mita chache tu kabla ya kufika, na watu zaidi ya 220 walifariki. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101. Kila nikikumbuka tarehe hiyo nasema kwamba abiria anayeshuka kwenye chombo kilichojaa kupita kiasi, hata akichekwa na wenzake, amefanya jambo la busara kuliko nahodha aliyewapakia. Ukishuka, shuka kabla ya kamba kufunguliwa, sema sababu yako kwa sauti, na waambie wasimamizi wa gati. Mara nyingi wengine wawili watatu watashuka nyuma yako.

Mahali pa kukaa nako kuna umuhimu. Katikati ya chombo, karibu na shetri, yaani nyuma, ndipo panaporuka kidogo zaidi, wakati omo, yaani mbele, hupanda na kushuka kwa kila wimbi. Muulize baharia upepo unatoka wapi ili usikae upande wa joshi, yaani upande unaopigwa na upepo, kwa kuwa huko ndiko maji ya chumvi yatakapokurukia njia nzima. Mwenye tabia ya kuchafukwa na roho baharini anywe dawa yake karibu saa moja kabla ya kuondoka, ale chakula chepesi kisicho na mafuta, na atazame upeo wa bahari badala ya simu.

Vya kubeba ni vichache: maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, kofia, kanga au kikoi cha kujifunika, sabuni na chandarua kama utalala kijijini, fedha taslimu za kutosha, na mifuko isiyopitisha maji ya kufungia simu na nguo. Chaji simu usiku. Namba ya dharura ni 112, lakini ndani ya mikoko mtandao hukatika, kwa hiyo mwambie mtu wa nyumbani jina la chombo na saa ya kuondoka kabla hamjang’oa nanga.

Hatua ya tano: ndani ya delta, tazama

Chombo kinapoacha gati, wengi huinamia simu zao au hulala. Saa hiyo ya kwanza ndiyo niliyoifuata mimi kila nilipochagua njia hii, na nakusihi uitumie kwa macho. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kabisa wa mikoko unaokaa pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki, unaokaribia hekta 53,000. Mwaka 2004 delta hii, pamoja na Mafia na Kilwa, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Ukiutazama msitu kwa haraka utaona ukuta mmoja wa kijani, lakini miti yake haifanani na kila mmoja una mahali pake. Mkoko wenyewe hutambulika kwa mizizi yake iliyojipinda kama miguu ya buibui, ikiushika mto kwa nguvu. Mililana hupenda kusimama mbele kabisa, inakokutana na bahari. Mchu hutoa mizizi iliyochongoka kama penseli zilizochomekwa topeni, nayo hupumua kwa niaba ya mti maji yanapopwa. Msinzi na mkandaa hukaa nyuma zaidi, na kadiri mto unavyokuwa wa maji baridi ndivyo unavyoanza kuona mkomafi wenye matunda ya duara makubwa kama mpira, pamoja na msikundazi. Mwambie baharia akuonyeshe mkandaa. Gome lake lilitumika kupaka rangi na kusindika ngozi kwa miaka mingi.

Miti hiyo imejenga nyumba mbali sana na hapa. Boriti za Rufiji zilipakiwa majahazini, zikapelekwa Unguja, Oman na bandari za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti, ambao haufiki mita tatu. Mtu aliyewahi kulala katika chumba cha namna hiyo amelala chini ya msitu huu. Leo mikoko ni hifadhi, na kukata bila kibali ni kosa. Ukiona mashua iliyosheheni nguzo mbichi usiku, si jambo la kupiga nalo picha kwa furaha.

Ukivuka kona ya pili au ya tatu utaanza kuona mashamba ya mpunga na madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ambamo wakulima hukaa wakati wa msimu wakiulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, na wakijilinda wenyewe dhidi ya mafuriko. Watu hawa, wengi wao Wandengereko na Wanyagatwa, hupanga maisha yao kwa maji mawili: maji ya chumvi yanayopanda kutoka baharini na maji ya mto yanayoshuka kutoka bara. Sasa maji ya bara yana mlango wake, kwa maana bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Muulize mkulima au nahodha wa makamo habari za mafungu na mikondo ya siku hizi, na utapata masimulizi yatakayokutosha mpaka mlangoni. Usimpige picha mtu aliye dunguni mwake au anayevua bila kumwomba ruhusa. Hapo ni nyumbani kwake, ingawa hapana mlango wa kupigia hodi.

Kuhusu wanyama, kiboko na mamba wapo. Usitumbukize mkono majini, na mkipwelewa usishuke kutembea topeni, kwa kuwa tope la delta humeza mguu mpaka pajani. Maji yanapopwa tazama kingo: utaona kaa wekundu kwa mamia, samaki wadogo wanaoruka juu ya tope kwa mapezi yao, yangeyange weupe, mdiria, na furukombe aliyekaa juu ya mti mkavu akiusubiri mto umpe samaki.

Kuna jambo moja la historia ambalo siwezi kulipita. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikaja kujificha katika mikono ya delta hii. Waingereza waliizingira kwa miezi, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu kina cha mto hakikuziruhusu. Januari 1915 waliiteka Mafia, wakaifanya kituo cha ndege za kuchungulia mikoko kutoka juu, na wakaleta meli mbili zilizoundwa kwa ajili ya maji ya kina kifupi, Severn na Mersey. Ziliingia na maji ya kujaa mwezi Julai, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliharibiwa na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake iliopolewa ikatumika vitani nchi kavu, na mmoja wake umesimama hadi leo katika Fort Jesus, Mombasa. Maji yale yale unayoyahesabu ili uwahi boti ndiyo yaliyoificha manowari ile kwa zaidi ya miezi tisa.

Hatua ya sita: kuvuka mlango wa bahari

Mikoko inapofunguka na rangi ya maji kubadilika kutoka kahawia kwenda kijani, funga mizigo na kaa chini. Mlangoni ndipo penye mawimbi yasiyotabirika, hasa maji yanapotoka kwa nguvu huku upepo ukiingia. Mkondo na upepo vikikabiliana, mawimbi husimama wima na kufuatana kwa karibu. Jambo hilo huendelea kwa muda mfupi, na nahodha mzoefu hupunguza mwendo. Usisimame, usihame upande, na msiinuke wote kwa pamoja kutazama kitu, hata kama ni pomboo. Ukiona maji yanaingia na mabaharia wanayafua kwa utulivu, hiyo ni kazi yao ya kawaida.

Katika maji haya na ya kusini yake ndimo nguva wachache waliobaki Tanzania huonekana mara moja moja. Sijawahi kumwona, na nimewauliza wavuvi wengi.

Hatua ya saba: Kilindoni, Utende na Chole

Kilindoni ina gati refu, na hapo utapokewa na wabeba mizigo, bodaboda na bajaji. Patana bei kabla ya mzigo kuinuliwa. Mji ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo vaa mavazi ya heshima unapotembea sokoni, na Ijumaa mchana usitegemee kuhudumiwa wakati wa swala. Anayetaka gharama nafuu alale Kilindoni. Anayetaka matumbawe aende Utende, karibu kilomita 15 upande wa mashariki, ambako ndiko lilipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ada hulipwa langoni, Mtanzania hulipa tofauti na mgeni, na risiti unatakiwa kutembea nayo siku zote ukiwa ndani.

Kutoka Utende unavuka kwa boti ndogo mpaka Chole, kisiwa kidogo kilichokuwa makao ya utawala kabla ya Kilindoni. Kuna magofu yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti, na kuna popo wakubwa wala matunda wanaoning’inia mitini mchana kutwa. Watazame kwa ukimya, usipige makofi ili waruke. Kisiwa jirani cha Juani kina magofu ya Kua, mji wa kale uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Njia ya kufika huko hufungwa na maji kupwa, kwa hiyo ile hesabu ya hatua ya kwanza utaihitaji tena.

Ukiwafuata papa potwe Kilindoni, chagua nahodha anayezima injini mapema na anayewazuia wageni kumgusa samaki. Boti zikiwa nyingi kuzunguka samaki mmoja, mwombe nahodha wako asubiri au mwende kwingine.

Hatua ya nane: kurudi

Safari ya kurudi hupangwa kinyume. Sasa unataka kufika mlangoni maji yakiwa yanajaa, ili mkondo ukupandishe mtoni na mafungu yawe chini kabisa ya chombo. Kwa hiyo chombo kinachotoka Kilindoni hulenga kuingia delta saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa Nyamisati. Ukikaa Mafia siku tatu, ongeza saa mbili na nusu kwenye saa ya maji ya siku uliyokuja, na utajua kwa kukadiria maji yatajaa saa ngapi siku ya kurudi.

Acha siku moja ya akiba kabla ya jambo lolote usiloweza kulikosa Dar es Salaam, iwe ni kazi, mtihani au ndege ya kimataifa. Bahari ikichafuka na siku ya akiba ikaisha, Kilindoni ina uwanja wa ndege wenye ndege ndogo za kwenda Dar es Salaam. Ulizia nafasi tangu siku unayofika, kwa kuwa viti ni vichache na siku ambayo boti hazitoki kila mtu huvikimbilia.

Vinginevyo panda chombo, kaa upande usio wa joshi, na mkishaingia mikokoni mwangalie baharia aliyesimama omo akipima kina kwa upondo. Upondo ukizama wote bila kugusa chini, hesabu yako ilikuwa sahihi.